Kinywa Yenye Kukataa Maji

"Toboa."

"Sitoboe."

"Muzee, toboa. Maji inakataa kuingia. Hauone?"

"Naona. Macho iko yangu."

"Sasa unangojea nini? Maji ikuombe ruhusa?"

"Kila tundu ni hasara. Hewa yenye inatokea pembeni haisukume kitu tena. Utatoboa tundu kumi, utabaki na ndege yenye haina nguvu ya kupita hata kuku."

"Hapa hakuna ndege. Hapa kuna maji, na iko inakutukana mbele ya batu."

"Chance! Heshima."

Chance njo miye. Nilikuwa nimesimama ndani ya mutoni ya Nyamukau, maji ku magoti, nashikilia mufereji yangu ya mbao juu isibebwe. Muzee Hippolyte alikuwa amechuchumaa juu ya jiwe, suruali yake ya ualimu imekunjwa mara tatu, cahier ku mukono, lunette inamuteremuka ku pua. Katikati ya mufereji, ile kinywa yake. Ilikuwa mabati mbili amekunja na nyundo. Kule mbele ziko mbali mbali, kule nyuma zinakaribiana, sawa mikono ya mutu mwenye anataka kukamata kuku. Maji ilikuwa inateremuka mbio, nyembamba, inafika mbele ya kinywa, inasimama. Inavimba. Inafanya kilima kidogo, inamwagika inje, na ndani inaingia tu ile ya uvivu. Tangu asubui njo vile. Ilikuwa kinywa ya tisa. Zile nane za kwanza zilikuwa zimetupwa ku majani, zimepinda pinda.

Huyu muzee alinifundishaka physique. Miye niliacha masomo kabla ya Pasaka ya deuxième, mwaka ya pili ya secondaire, juu bakubwa yangu balikuwa banarudi kutoka Nizi, kule ku dhahabu, na baiskeli mupya, na miye niko mu darasa nahesabu jiwe itatumia seconde ngapi kuanguka kutoka ku dari. Aliniitaka Monsieur l'Absent. Niliendaka Nizi kuosha dhahabu, nikamaliza kule miaka ine, vita ikanifukuza. Nilirudi Bunia na kitu moja tu ku kichwa, hii mufereji. Mbao tatu, metre mbili na nusu, chini nyororo.

Mwezi ya pili ya deux mille trois, alikuya kunitafuta mu kartiye yetu, Mudzipela. Nilifikiri anataka kunisema juu ya masomo.

"Uko bado na ile mbao yenye munaosheaka dhahabu?"

"Iko. Unaanza kutafuta dhahabu, Prof?"

"Natafuta hewa."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikaa chini akanieleza, na nilielewa kuliko vile nilielewaka mu darasa. Kule Ukraine, wakati ya URSS, alisomaka miaka saba moteur ya ndege. Haiko hizi Antonov zenye zinabebaka bia na basoda. Alisoma ndege zenye zinapita sauti mara tano, mara sita. Moteur yake haina kitu yenye kuzunguka. Ni tubo yenye kinywa, basi. Ndege inaenda mbio, hewa inaingia kwa nguvu, kinywa inaifinya, moto inashika. Lakini kinywa ikifinya sana, hewa inakataa. Inajikusanya mbele, inamwagika pembeni, moteur haishike, na ndege inaanguka sawa jiwe. Ukifanya kinywa pana, hewa inaingia vizuri, lakini haifinyike, moto inakosa nguvu. Njo shida yote. Alisema kuna batu benye masomo mukubwa sana, mu inchi za batajiri, banazeeka na ile shida.

"Na maji yangu inaingilia wapi?"

"Maji nyembamba yenye kukimbia ku muteremko inafanyaka sawasawa na hewa ile. Kule banatumia mashine yenye inakula umeme ya muji muzima. Siye tutatumia Nyamukau."

Muzee hakuwa anacheza. Nyumba yake ilichomwa mwezi ya nane, mwaka yenye ilipita, na ndani mulikuwa ile thèse yake, kurasa mia tatu, yenye hakuimalizaka juu alirudi kuzika baba yake na njia ikafungwa nyuma yake. Sasa yeye na muke yake, Mama Agathe, balikuwa mu chumba moja, karibu na kwetu. Mama anauza bunga ya muhogo. Masomo ilifungwa. Halafu barua ikafika, kwa mufanyabiashara mwenye kutoka Kampala. Iliandikwa na Donatien, mwenzake wa kule Ukraine, mwenye sasa iko mu labo moja ya Canada. Donatien alisema, hapa banatafuta mutu mwenye anaweza kufanya kinywa ishike mapema, kabla ndege haijafikia mbio mingi. Tuma vipimo, tuma photo, zifike kabla le trente et un mai, mwisho ya mwezi ya tano. Zikiwa nzuri, banatuma karatasi ya mwaliko, ya weye na ya Agathe.

Bila ile karatasi hakuna kutoka. Kila mutu mu Bunia alijua kitu inakuya. Basoda ya Uganda balikuwa banafunga mizigo, na benye bunduki ya kila upande balikuwa banangojea bageuze mugongo. Muzee alikuwa amebaki na mwezi moja tu, na bati ya mwisho.

Basi siku ile, kinywa ya tisa, nilimuambia tena kwa sauti ya chini.

"Sikia, Muzee. Kule Nizi, maji ikivimba mu mufereji, tunafungua pembeni kidogo. Maji inapata njia, inatulia, tunafunga. Haiko kutoboa na kuacha. Ni kufungua na kufunga."

"Na nani atafunga? Ndege iko juu kilometre makumi tatu. Utatuma nani kule na mukono yake?"

Pale alinishinda. Nilikaa ku maji, nafikiri. Baiskeli yangu ilikuwa ku ukingo, na chambre à air ya nyuma ilishakuwa na viraka sita. Nikaona. Muzee alipoenda pembeni kukojoa, nikachukua musumari na jiwe, nikatoboa bati tundu ine kila upande, pale kinywa inaanza kukazana. Nikakata chambre à air, nikafunga vipande kwa inje, juu tu, sawa kope ya jicho.

Akirudi, nilishamaliza.

"Umefanya nini? Chance! Bati ya mwisho!"

"Tukana kisha. Kwanza angalia."

Niliweka mu mufereji. Maji ikafika, ikasimama, ikavimba. Kilima ileile. Muzee akafungua mudomo anitukane. Lakini kilima iliposukuma, zile kope zikafunguka, maji ikaruka inje pande mbili, psss. Kilima ikatetemeka. Ikarudi nyuma kidogo. Halafu kinywa ikaimeza. Nawaambia, ikaimeza kabisa, na maji ikapita ndani laini, mbio, na mistari ya kukata sawa kisu. Na kwa sababu hakuna tena kitu ya kusukuma, kope zikalala zenyewe. Hakuna tone moja inatoka inje.

Muzee alisimama na lunette ku mukono.

"Fanya tena."

Tulifanya mara kumi na moja. Kila mara alinifanya nishushe mufereji kidogo, maji iende polepole zaidi, na kila mara kinywa inashika. Alikuwa anaandika, anapima na ruler ya masomo, anapiga photo na appareil ya kuomba, anaongea peke yake mu luga ya kule. Halafu akanitazama.

"Monsieur l'Absent," akasema. "Ulitoroka darasa langu kwa nini, mushenzi weye?"

Nilikuwa na furaha yenye sikujua nifanye nayo nini. Njo pale niliharibu.

Nilitoa kinywa mu maji. Nyuma ya zile kope za caoutchouc kulibaki muchanga mweusi, kiasi ya kijiko. Sasa, mutu mwenye alioshaka dhahabu hawezi kutupa muchanga mweusi bila kuangalia, juu dhahabu njo inajifichaka ndani yake. Hata na njaa, hata na usingizi, hata mutoto anakufa ku nyumba, ule muchanga unaangaliwa kwanza. Kule Nizi ukiumwaga hivi hivi benzako banakukatalia mufereji wiki nzima, banasema unafukuza mali. Mukono yangu haikungojea kichwa. Nilichukua sahani, nikazungusha, nikapuliza. Chembe saba. Ndogo sawa mayai ya chawa. Hakuna ajabu, Nyamukau ina takataka ya dhahabu tangu zamani, hakuna mutu anajisumbua nayo. Lakini nilikuwa na furaha, nikapiga kelele kwa Mama Joséphine, mwenye alikuwa anafua nguo chini yetu.

"Mama! Mashine ya Muzee inakula dhahabu!"

"Ikule basi na hii suruali ya bwana yangu, imenichokesha!"

Bamama bakacheka. Na miye nilicheka.

"Usiseme vile," Muzee akasema.

"Ni kicheko tu, Prof."

"Usiseme hata kwa kicheko."

Nilishasema. Ilishatoka.

Siku ya kwanza, ku soko, banasema Muzee Hippolyte iko na kitu yenye inameza dhahabu. Siku ya pili ilishakuwa mashine yenye alileta kutoka kwa Barusi, alikuwa ameificha chini ya kitanda miaka kumi na mbili. Siku ya tatu, mutu wa kule Marabo, mwenye sikuwahi kumuona, ananieleza miye vile mashine inaita dhahabu kutoka chini ya udongo, na inakuya yenyewe. Nilimuambia anyamaze. Aliniambia nina wivu.

Siku ya ine, mwezi ya tano ilishaingia, tarehe tano. Kamio za Uganda zilikuwa zinapita barabara kubwa, moja nyuma ya ingine. Nilikuwa natengeneza pneu. Mama Agathe alikuya bila viatu, bunga ingali ku mikono.

"Banamubeba."

"Nani?"

"Bale ba Afande Léon. Na ile kinywa, na cahier, na appareil. Banauliza dhahabu iko wapi. Chance, dhahabu gani?"

Nilikimbia.

Afande Léon, mukubwa ya benye bunduki ba upande yetu, alikaa mu nyumba ya mufanyabiashara mwenye alitoroka. Alikuwa kijana sawa miye, labda nilimupita mwaka moja. Siku ile jino ilikuwa inamuuma, shavu ya kushoto imevimba sawa andazi, na anaongea na upande moja tu ya mudomo. Ku baraza, Muzee alikuwa amekaa chini, hakuna lunette. Kinywa iko kando yake. Musoda moja alikuwa amefungua appareil na anavuta film inje, metre nzima, anaiangalia mu jua.

"Hakuna photo humu," akasema. "Iko mweusi yote."

Muzee alikuwa anaiangalia ile film. Hakuna mutu alimupiga, ninaona, lakini uso yake ilikuwa ya mutu mwenye alipigwa.

"Weye nani?" Afande akaniuliza.

"Chance, Afande. Mufereji ni yangu."

"Vizuri. Kaa. Huyu muzee anatuchezea." Akashika shavu. "Muzee, sema tena. Hii ni nini?"

"Nilishakuambia, mutoto wangu. Ni kinywa ya moteur."

"Ya motuka?"

"Ya ndege."

"Ndege ya wapi?"

"Bado haiko. Itapita sauti mara tano."

Nilimuangalia Muzee, nikamukazia macho, nyamaza, nyamaza. Lakini yeye ni mwalimu. Ukimuuliza, anajibu.

"Na inabebaka nini, hiyo ndege?" Afande akauliza polepole.

"Inategemea. Inaweza kubeba batu siku moja. Kwa sasa, benye banaifanya banataka zaidi kubeba missile."

Aliisema vile vile. Missile. Sawa mutu mwenye anasema mihogo.

Musoda mwenye film aliacha film. Mwenye alikuwa ku mulango akaweka sasi mu bunduki, nilisikia klak. Afande akachukua cahier, akafungua, namba tupu, na michoro, na mishale. Akatoa barua ya Donatien mu mufuko.

"Njo hii munaandikia bale ba kule? Vipimo ya kutupiga siye?"

"Hapana. Sikia, nitakueleza. Leta maji kidogo na kipande ya..."

"Simama."

"Nitakueleza, ni rahisi..."

"Nimesema simama! Mumupeleke nyuma ya nyumba."

Kutoka nyuma ya ile nyumba hakuna mutu alirudi. Kila mutu mu Mudzipela alijua. Muzee alikuwa anatafuta lunette yake chini na mikono, na bale bashamushika ku mabega, na miye nilifungua mudomo.

"Afande, anadanganya."

Bakasimama.

"Anadanganya, Afande. Hakuna ndege. Unaona ndege hapa? Ni mashine ya dhahabu. Anaificha, anaogopa utamunyanganya. Miye niliona na macho yangu, chembe saba kwa dakika kidogo tu, uliza bamama ba Nyamukau."

Muzee akageuka upande wangu. Bila lunette, macho yake ilikuwa ndogo, inatafuta.

"Chance," akasema.

"Niliona na macho yangu," nikasema tena.

Afande Léon akacheka na ile upande yenye haikuvimba.

"Njo vile. Missile! Muzee muongo weye. Twende ku maji."

Tulienda, basoda sita, Afande, Muzee katikati. Barabarani batu bote balikuwa banapita na magodoro ku kichwa, banaenda upande ya aéroport, kwa bale ba kofia ya bleu, basoda ya kulinda amani. Hakuna mwenye alituangalia. Ku mutoni hakukuwa hata mama moja ya kufua.

Muzee alikataa kushika kitu. Alisimama ku ukingo mikono nyuma. Miye njo niliweka mufereji, niliweka kinywa, nilitupa chepe mbili ya udongo ya ukingo. Maji ikavimba, kope zikafunguka, psss, kinywa ikameza. Ilifanya vizuri kabisa, ile kitu. Hata ile siku ilifanya vizuri.

"Hapo!" Afande akapiga kelele. "Hapo pembeni! Nini inatoka?"

"Maji, Afande. Lazima itoke kwanza, njo ingine iingie."

"Dhahabu inatoka. Mutu mwenye kuiba anafanyaka mulango ya nyuma. Ziba."

"Afande, ukiziba haishike."

"Unaniona mupumbavu?"

Musoda moja akaziba tundu zote na udongo, akakanyaga kope za caoutchouc zikakatika. Maji ikasimama mbele ya kinywa. Ikavimba. Kilima ikakuya juu, ikamwagika ku mufereji yote, ikaloanisha viatu ya bote.

Na Muzee, mwenye alikuwa amenyamaza tangu nyumbani, alishindwa kujizuia.

"Unaona?" akasema. Akashuka mu maji na viatu. "Unaona ile kilima? Ile haiwezi kuingia juu hapa kati ni mufinyo. Maji ya mbele haina habari, inafika mbio, inagonga. Ukifungua pembeni, kidogo tu, inapata nafasi ya kurudi nyuma, halafu..." Akatoa udongo na kidole. Tundu moja, mbili, tatu. Kilima ikatetemeka. "Halafu, muangalie, muangalie vizuri..."

Ikameza. Basoda balikuwa bameinama bote, bunduki ku mugongo, banaangalia. Moja yao, mwenye aliweka sasi ile saa, alisema "Aaah!" sawa mutoto mu darasa. Muzee alimutazama na furaha. Nilitaka kulia.

"Anaijua," Afande akasema. "Munaona vile anaijua?"

Bakaniletea sahani. Nilizungusha. Niliomba isikuwe na kitu, halafu nikaogopa, ikikosa kitu, bangemurudisha nyuma ya nyumba. Sikujua tena niombe nini. Nikapuliza. Chembe ine.

Afande akachukua sahani, akaiweka karibu na jicho, shavu yake inang'aa.

"Nizi," akasema. "Kule njo kuna udongo ya kweli. Muzee, utatutengenezea makumi mbili. Kubwa. Ya mutu kuingia."

"Kule haitafanya kitu," Muzee akasema. "Haiko ya dhahabu."

"Bado unasema ya ndege?"

Muzee akanitazama. Nilitikisa kichwa kidogo. Hapana. Tafazali, hapana. Na yule muzee mwenye hajawahi kudanganya hata mutoto wa darasa, akainamisha kichwa.

"Ni ya dhahabu," akasema.

Kamio ilikuwa ku barabara. Bakapakia mufereji, bakapakia kinywa, bakamupakia yeye. Nilishika ku mulango ya nyuma nipande. Musoda akanisukuma na kitako ya bunduki hapa ku kifua, nikaanguka mu matope.

"Bamuache, miye niende, Afande! Miye najua Nizi! Yeye hawezi kazi ya kule, muzee wa miaka makumi tano na nane!"

"Weye baki. Uko na mikono tu. Yeye iko na kichwa."

Muzee alikuwa amekaa juu ya mbao zangu, magoti pamoja, sawa mutu ndani ya kanisa.

"Chance. Leo tarehe ngapi?"

"Le cinq, Prof."

Akaanza kuhesabu ku vidole siku zenye zimebaki. Alihesabu mukono moja, akaingia mukono ingine, kamio ikaanza kutembea, alikuwa bado anahesabu.

Niliikimbilia. Nilikimbia hadi mwisho ya mapafu. Kisha nikasimama barabarani, batu bananipita na mbuzi na masufuria, mama moja akaniambia toka njiani weye.

Mama Agathe nilimukuta mu barabara ya aéroport, mbele ya waya za bale ba kofia ya bleu. Majirani balimuburuta hadi pale. Alisimama inje, hakuingia, anaangalia kila mutu mwenye anakuya. Aliponiona, aliangalia nyuma yangu kwanza.

"Iko wapi?"

"Banamupeleka Nizi."

"Iko muzima?"

"Iko muzima, Mama. Bangemuua. Alibambia mambo ya missile. Ilibidi niseme ni mashine ya dhahabu."

Bunga ilishakauka ku mikono yake, inapasuka pasuka.

"Na mwanzo," akasema, "ya dhahabu, bale balisikia kwa nani?"

Pale inje palikuwa na kelele mingi, batoto, mbuzi, mutu anaita jina ya muke yake.

"Nilikuwa nacheka tu, Mama."

"Ulikuwa unacheka."

"Nitaenda Nizi. Kesho. Najua njia za porini."

"Utafanya nini kule?"

Sikujua. Bunduki ya kwanza ikalia, mbali, upande ya soko, halafu ingine, na batu bote bakasukumana kuingia.

"Mama, ingia. Tafazali. Nitakushikia nafasi."

"Alivaa viatu gani?"

"Ile ya mwalimu. Ilishaloana."

"Miguu yake inaharibikaka na maji," akasema. "Tangu Ukraine."

"Mama, ingia. Masasi inakuya."

"Akitoroka huko, atarudi wapi? Hapa? Anajua tu chumba yetu ya Mudzipela."

"Habatamuacha atoroke, Mama."

Nilisema ile. Sijui kwa nini nilisema. Ilikuwa kweli.

Hakunitukana. Afazali angenitukana, angenipiga. Alifunga kitambaa ku kichwa, akaikaza. Nilinyosha mukono nimushike, akauangalia ule mukono hadi nikaurudisha. Halafu akageuka, akashika barabara ya Mudzipela, batu bote banakuya huku, yeye peke yake anaenda kule.